Ndoo ya Jumamosi

Kigoma, ukisema unafuga samaki utaulizwa bwawa lako liko wapi. Ukijibu kwamba huna bwawa, una tangi la kioo sebuleni, na samaki wenyewe si wa kuliwa, utatazamwa kwa huruma. Huku ni kwenye Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470. Dagaa wake wanasafiri hadi Dar es Salaam, mgebuka ni kitoweo cha kila nyumba, na kuhe akiungwa kwa mawese mgeni husahau safari yake. Sasa mtu aache maji yote hayo, amtie samaki kwenye sanduku la lita mia mbili, kisha amlishe badala ya kulishwa naye! Mzee mmoja wa Katonga, aliyekesha ziwani na karabai tangu ujana wake, alikaa mbele ya tangi langu muda mrefu kabla ya kuuliza.

"Huyu utamla lini, mwanangu?"

"Haliwi, mzee."

"Basi hapo anayeliwa ni wewe."

Sikubishana naye. Umeme wa pampu, chakula cha kopo, maji na muda vyote vinatoka kwangu. Ila nilimwambia kwamba wako wanaoliwa kuliko mimi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanza kuwasafirisha kutoka Bujumbura, samaki wadogo wa miambani wa Tanganyika wamekuwa wakifugwa Ulaya na Marekani, na mmoja wao hata amepewa jina lake: Neolamprologus brichardi. Ziwa hili lina takriban aina 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu zake sato, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani. Wale wanaoishi kwenye mawe hawapendi kuvuka mchanga mtupu, kwa kuwa huko hakuna pa kujificha. Kwa hiyo kila kipande cha mwamba kimelea rangi yake, na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo huwaita kwa jina la mahali walikotolewa. Ndiyo maana mfugaji wa Ujerumani anaweza kukutajia Ikola, Kipili na Maswa bila kusita, huku mwenyeji wa Kariakoo akiuliza hiyo ni mikoa gani.

Wa kwangu ni hao hao wa brichardi: wembamba, rangi ya kahawia iliyopauka, mapezi yenye ncha nyeupe. Uzuri wao uko kwenye tabia. Watoto wa uzao uliotangulia hawafukuzwi nyumbani. Hubaki kulinda mayai na wadogo zao, wakipeperusha maji kwa mapezi na kumkabili yeyote anayesogea. Mtu akija na mawazo yake, nampa kiti atazame. Mara nyingi hutulia.

Lakini hao samaki si kazi. Kazi ni maji.

Samaki hana choo cha kwenda. Anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale, na taka anayoitoa kwa wingi, yaani amonia, humtoka kupitia matamvua kila anapopumua. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na huku yanaua. Tena maji ya Tanganyika yana ukali wake wa asili: pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2, na samaki wake wameumbwa kwa maji ya namna hiyo, kwa hiyo mfugaji lazima ayaache hivyo. Taabu ni kwamba ukali huo huiongezea amonia nguvu. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia moja ya amonia ndiyo iliyo katika umbo la sumu. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Chakula kilichozidi, ambacho katika tangi la samaki wa mito ya Amazon kingepita bila kelele, katika tangi la Tanganyika huleta msiba.

Haya mimi huyakumbuka kwenye vikao vya ukoo. Utani mmoja ndani ya nyumba yenye amani hupita, watu wakacheka, kahawa ikaendelea. Utani huo huo ndani ya nyumba ambayo tayari ina ukali wake huvunja kikao, na msemaji akabaki anajitetea kwamba hajasema jipya. Ni kweli hajasema jipya. Hakupima tu maji aliyolitia neno lake.

Anayeiondoa amonia si mfugaji. Ni bakteria wanaojishika kwenye mawe, mchanga na sponji la chujio. Kundi moja huila amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa si nyingi. Wafanyakazi hao hawanunuliwi sokoni Mwanga, wala hawaitwi kwa haraka. Tangi jipya linahitaji kama wiki nne hadi sita za kuendeshwa likiwa na chanzo kidogo cha amonia ili waje na kuzaliana, na katika muda wote huo mwenyewe unakaa na sanduku la maji, mawe na pampu inayonguruma. Watoto wa jirani huja kulitazama tangi lisilo na samaki, kisha huondoka wakiamini kwamba umetapeliwa. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani, muombe kipande cha sponji lake chafu. Ndiyo zawadi bora kwa anayeanza, ingawa kuipokea mbele ya wageni kunataka moyo.

Ndugu yangu mmoja wa Ujiji, upande wa Kitongoni, alikuwa na tangi zuri kuliko langu. Siku mbili kabla ya Idi aliamua kwamba wageni wasione ukoga wa kijani kwenye mawe. Akawatia samaki kwenye ndoo, akamwaga maji yote, akayachemsha mawe, akauosha mchanga mpaka maji ya kuoshea yakatoka meupe, na sponji la chujio akalisugua chini ya bomba kwa sabuni. Kisha akajaza maji mapya ya bombani. Asubuhi ya Idi tangi lilikuwa linang'aa, wageni wakasifu, watoto wakapigwa picha mbele yake. Idi pili samaki walikuwa juu kabisa wakihema, midomo ikigusa hewa. Idi tatu aliwazika karibu wote chini ya mpapai. Aliamini kwamba mgeni fulani mwenye jicho baya ndiye aliyewamaliza, na hadi leo sijui kama nimefaulu kumtoa kwenye imani hiyo.

Aliowaua ni bakteria, na samaki wakafuata. Usafi ule haukumwachia tangi hata mfanyakazi mmoja aliyejua kazi. Nimeyaona hayo hayo kwa watu wenye nia njema kabisa. Mkubwa mpya anafika ofisini, anakuta uzembe, na uzembe upo kweli. Anahamisha kila mtu, pamoja na yule karani mzee anayejua faili gani liko kabati gani. Kijana anarudi kutoka masomoni na kutaka kuifumua biashara ya baba yake kwa wiki moja. Kwa macho panang'aa. Baada ya muda watu wanaanza kuhema, na lawama inatafutiwa mgeni.

Sponji la chujio huoshwa, tena mara kwa mara, ila huoshwa ndani ya ndoo ya maji machafu uliyoyatoa tangini. Unalikamua tope litoke, mtiririko urudi, na wenyeji wake wabaki hai. Haliwi jeupe. Halitakiwi kuwa jeupe.

Mimi Jumamosi hutoa robo ya maji. Mpira mwembamba, ncha moja mchangani, nyingine kwenye ndoo sakafuni. Maji yenyewe huvuta uchafu uliojificha kati ya mawe. Maji ya kurudishia nimeyakinga usiku wa Ijumaa na kuyaacha wazi, kwa sababu maji ya bomba mjini hapa ni ya ziwa lile lile yaliyopita kwanza kwenye klorini, na klorini ya kawaida huruka yenyewe ikipewa muda. (Pale inapotumika kloramini, kungoja hakusaidii, inahitajika dawa ya kuiondoa.) Watu huniuliza kwa nini nisishuke na ndoo ziwani moja kwa moja. Ningeweza, kama ningekuwa na mtumbwi wa kunitoa mbali na mwalo, kwenye maji yasiyo na sabuni, mafuta ya injini na vya watu wengine. Maji ninayoyatoa huenda kwenye mchicha. Nitrati ni mbolea, na mchicha wangu haujawahi kulalamika.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa kuwa hapa ndipo sisi wenyeji wa Kigoma tunaposhindwa na ukarimu wetu. Kila anayeingia sebuleni anataka kuwatupia kitu: chembe ya ugali, mkate, kipande cha sambusa. Kopo la chakula nimelificha. Samaki wa aina ya Tropheus, ambao utumbo wao mrefu uliumbwa kwa kukwangua ukoga juu ya mawe, ukiwazoesha vyakula vizito vya nyama huvimba tumbo na kufa, na wafugaji wenye uzoefu huwanyima kwa makusudi. Hata wanaowasafirisha kwenda ng'ambo hawawalishi siku kadhaa kabla ya kuwatia kwenye mifuko ya oksijeni, ili wasije wakayachafua yale maji machache ya safari. Kuna upendo wa namna hiyo pia, wa kutotoa.

Lililonifikirisha zaidi kuliko yote ni jambo linaloonekana dogo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, hewa ikiwa kavu, maji ya tangi hupungua yenyewe. Mstari unashuka kidogo, mfugaji anachukua jagi na kujazia. Mstari unarudi juu. Wiki ijayo tena. Ni rahisi mtu kuamini kwamba maji yanabadilishwa, maana kila wiki maji mapya yanaingia. Hayabadilishwi. Kinachoruka hewani ni maji matupu. Chumvi haziruki, nitrati hairuki. Kila jagi linaleta chumvi zake kidogo na kuzikuta za jana zikisubiri. Baada ya miezi, tangi limejaa hadi ukingoni, limetulia, na ndani yake mna maji mazee mno. Samaki waliokulia humo huwa wameyazoea polepole, lakini ukimtia samaki mgeni anakufa siku hiyo hiyo, nawe unashangaa kwa sababu wenzake wanaogelea.

Nawajua ndugu wawili wenye shamba la michikichi waliloachiwa na baba yao. Mpaka kati ya sehemu zao haukuwahi kupimwa. Kila Idi wanaletewa pilau wale sinia moja, wanashikana mikono, wazee wanaomba dua, na watu wa nje hutoa mfano kwa undugu wao. Kisha mikungu ya chikichi inakatwa, maneno yanarudi, hadi Idi nyingine. Miaka inakwenda. Hakuna aliyewahi kukaa nao akautoa ule mpaka mezani, kwa sababu kuutoa ni kuuonyesha uchafu, na kwa muda mfupi mstari ungeshuka mbele ya watu. Mke wa mmoja wao, mtu wa mbali aliyeolewa hapa, hakumaliza mwaka katika nyumba ile. Wenyeji walisema hana uvumilivu.

Kuongeza ni kuzuri na kunapendeza. Mtu mwenye deni anakopa kwingine alipie la kwanza. Mwenye kazi nyingi anaongeza saa. Mwenye hasira anaongeza sala. Sala si mbaya hata kidogo. Ila kanuni ya ndoo ni kwamba hutoa kwanza, ndipo irudishe, na hiyo hatua ya kwanza ndiyo inayonuka.

Nilipolifahamu hilo la tangi, niliacha kulitazama ziwa kwa macho ya zamani. Ziwa Tanganyika linashika takriban asilimia 17 ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia, na lina mto mmoja tu wa kuyatoa, Lukuga, upande wa Kongo. Malagarasi inaingiza, Ruzizi inaingiza, mvua inaingiza, lakini sehemu kubwa kabisa ya maji yanayotoka hayatoki kwa Lukuga. Yanatoka kwa jua. Yaani linajaziwa. Wanasayansi wamekadiria kwamba kulisafisha lote kwa njia ya mto huo kungechukua kama miaka 7,000. Hakuna Jumamosi ya ziwa.

Tena hata Lukuga hautoi siku zote. Msafiri Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874, na Stanley baada yake mwaka 1876, mto huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ziwa lilikuwa linapanda. Miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka, ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Nenda Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, ulitafute ziwa: liko mbali na pale, chini kule, ingawa wakati ule mahali hapo palikuwa karibu na maji. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuwafuata watu kwenye majengo ya ufukweni. Mstari hupanda na kushuka, na sisi hulisoma ziwa kwa mstari huo. Kilichomo ndani yake hatukisomi.

Kilichomo kinatoka mlimani. Vilima vinavyolizunguka ziwa vikikatwa miti na kulimwa hadi kwenye korongo, mvua za masika hushusha udongo mwekundu ambao unaweza kuuona ukitanda juu ya maji ya buluu. Udongo ukifika unatua juu ya mawe, na pale juu ya mawe ndipo palipo na ule ukoga ambao aina nyingi za samaki wanautegemea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu fukwe za kaskazini mwa ziwa ulionyesha kwamba penye tope jingi kutoka nchi kavu pana aina chache za viumbe kuliko penye maji safi. Na chini zaidi, kuanzia kina cha mita 100 hivi upande wetu wa kaskazini, hakuna oksijeni kabisa. Ni maji yasiyo na samaki, yenye gesi inayonuka mayai viza, ile ile inayojificha chini ya mchanga mnene wa tangi lisilochokonolewa. Ziwa hutegemea upepo wa kusi kulikoroga na kupandisha virutubisho. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto, mchanganyiko huo umedhoofika, na uzalishaji wa ziwa huenda ulishuka kwa kama asilimia 20. Mzee wa Katonga hakusoma jarida hilo. Anasema tu kwamba dagaa wa usiku mmoja wa zamani sasa wanataka usiku tatu.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa wavuvi wa Kibirizi na Katonga, na sitamcheka mvuvi aliyenung'unika huku watoto wanamtazama. Hata hivyo naiunga mkono hatua hiyo. Ninachosema ni kwamba inamhusu samaki peke yake. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa lote mwaka 2003, lakini mbele ya macho yetu utunzaji bado ni habari ya nyavu na doria. Samaki akiadimika tunahoji nani kamvua. Hatuhoji anaogelea ndani ya nini. Mfugaji wa siku ya kwanza hufikiri hivyo hivyo.

Kwa tangi kuna ndoo. Kwa ziwa, kwa kuwa hatuwezi kulitoa kitu, limebaki jambo moja: kutolitia. Na hilo halihitaji mkutano wa nchi nne. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Ewe unayelima Bangwe, unayejenga karibu na maji, unayeosha injini mwaloni, hebu zihesabu hizo hatua leo jioni kuanzia kwenye maji, uone zinakufikisha wapi kwako.